Watangazaji, mpira uko wapi?

Mhariri,

Mimi ni shabiki lialia wa kandanda na sijawahi kuuona mpira hata siku moja. Nilizaliwa sioni. Naanza na hilo ili anayetaka kushangaa ashangae, amalize, kisha anisikilize, kwa sababu nina ugomvi na watangazaji.

Aliyenitia ugonjwa huu ni kaka yangu. Tulikuwa wadogo, na kila alipopiga kelele mbele ya redio nilimsumbua: kimetokea nini? Siku moja, kwa hasira, alipanga vizibo 22 vya chupa mezani, akanishika mkono na kuutembeza juu yake: huyu kipa, hawa mabeki, huyu winga wa kulia. Sheria ya kuotea, inayowagombanisha watu wenye macho mawili hadi usiku, niliielewa jioni ile kwa ncha za vidole. Pasi ikipigwa wakati kizibo chetu kiko mbele ya mpira, na kati yake na mstari wa goli kimebaki kizibo kimoja tu cha wapinzani, kibendera juu! Mpaka leo kila mechi ninayoisikiliza inachezwa kwenye meza ile.

Uwanjani nako huenda. Mlangoni kaka aliwahi kuulizwa, "Na huyu naye anaingia?" kana kwamba mimi ni mzigo. Akajibu kwamba mwenye tiketi ni mimi, yeye ni msindikizaji. Wanaouliza nafuata nini kule hawajawahi kufumba macho wakausikiliza uwanja. Goli huwa nalijua kabla halijaingia: maelfu ya watu huvuta pumzi kwa pamoja, ndipo mlipuko. Mlipuko ukikatika katikati, mshika kibendera ameinua mkono. Kimya cha ghafla, na kelele zikisikika upande mmoja tu wa mbali, basi tumefungwa. Na tangu VAR, yaani waamuzi wa kukagua matukio kwa video, iingie Kombe la Dunia mwaka 2018, nimepata wenzangu wengi. Mashabiki wenye macho yao wanasimama kimya wakingoja kuambiwa walichokiona. Siwacheki. Haya, nawacheka kidogo.

Sasa ugomvi wenyewe. Mechi moja ya hivi karibuni mtangazaji alikuwa akitueleza kirefu mchezaji fulani anatakiwa na klabu zipi. Mara uwanja ukalipuka. "Loo, jamani, tazama hiyo!" akasema. Nitazame nini, ndugu yangu? Mwenzake akacheka na kuongeza, "Ametulia sana pale." Nani? Pale wapi? Kwa mguu au kwa kichwa? Jina la mfungaji lilitajwa mpira ulipokwisha kuwekwa kati na kuanzishwa upya. Na hii ilikuwa redioni, Mhariri, ambako hakuna msikilizaji hata mmoja anayeona! Dereva yuko gizani kama mimi, mlinzi wa usiku vivyo hivyo, na mwenye macho mazuri kuliko wote naye yumo humo humo.

Kazi hii haikuanza hivyo. Januari 15, 1927, BBC ilipotangaza raga moja kwa moja kutoka Twickenham, mtangazaji Teddy Wakelam aliwekewa karibu yake mtu asiyeona ili amsimulie yeye mchezo. Wiki moja baadaye, Arsenal ilipocheza na Sheffield United pale Highbury, jarida la Radio Times lilichapisha ramani ya uwanja iliyogawanywa kwa miraba yenye namba, na sauti ya pili ikawa inataja mpira uko mraba gani. Hivyo ni vizibo vya kaka yangu, ila vimerushwa hewani.

Wapo pia wanaoujua ufundi huu bila kushika kipaza sauti. Mwaka 2019 FIFA ilimpa tuzo ya shabiki Silvia Grecco, mama wa Brazil anayeketi jukwaani na kumsimulia mwanawe asiyeona mechi za Palmeiras. Na katika Kombe la Dunia la 2014, huko huko Brazil, baadhi ya viwanja vilikuwa na matangazo ya masimulizi kwa ajili ya wasioona.

Mimi sidai makubwa kiasi hicho. Nitajiwe mwenye mpira, alipo, na anashambulia lango lipi. Matokeo na dakika yarudiwe mara kwa mara, maana wengine tunawasha redio tumechelewa. Mbwembwe zibaki, tena nazipenda. Mtangazaji akilivuta neno "goli" hadi pumzi zimwishie, na mimi zinaniishia. Habari za usajili zingoje mapumziko.

Nawe, Mhariri, usicheke ukadhani umepona. Gazeti lako nasomewa na simu, habari moja baada ya nyingine, vizuri kabisa. Lakini msimamo wa ligi mnauweka kama picha. Simu ikifika hapo hutamka neno moja tu, "picha", kisha hupita zake kwenda ukurasa unaofuata. Kwa hiyo, kwa mujibu wa gazeti lako, timu yangu inashika nafasi ya picha.

Wako,
Shabiki wa Vizibo