Barabara ya Lumumba: tuanze na mitaro na miembe

Ndugu Mhariri,

Kila linapozuka wazo la kuifanya Barabara ya Lumumba hapa Kigoma iwe ya waenda kwa miguu, mazungumzo huanzia kwenye pevingi (matofali ya kutandika njia) na taa. Tunaiomba Manispaa ya Kigoma Ujiji ianzie chini, kwenye maji na mizizi.

Barabara hii hushuka kutoka Mwanga hadi stesheni ya reli, jirani kabisa na ziwa, na mvua zikishika, maji ya mlimani huifuata. Pevingi hulala juu ya mchanga wa sentimita 3. Maji yakipenya chini, mchanga huondoka, matofali hubonyea, na msimu hauishi kabla njia haijawa mashimo. Kwa hiyo mtaro kwanza, kisha kokoto iliyoshindiliwa sentimita 15, ndipo mchanga. Njia iinamie mtaroni sentimita 2 kwa kila mita ya upana. Ikizidi, kiti cha magurudumu huvutwa pembeni. Mifuniko iwe vipande vya sentimita 60 vyenye vishikio, kwani mfuniko unaowashinda watu wawili haufunguliwi kamwe, na mtaro hujaa taka.

Miembe isiguswe! Bila kivuli chake hakuna atakayetembea hapo saa saba mchana. Shinani ubaki udongo wazi, angalau mita moja kila upande, na mzizi mnene ukijitokeza, ipindishwe njia. Mti uliokatwa mizizi huangushwa na upepo wa mvua.

Bodaboda hawazuiliki kwa vyuma vya kuziba njia. Kiti cha magurudumu kinahitaji nafasi ya sentimita 90, na usukani wa pikipiki ni kama 75 tu. Anapopita mmoja, mwingine naye hupita. Wapewe vituo kwenye makutano, tena wachague wenyewe, maana kijiwe kilicho mbali na abiria hakikaliwi. Machinga na mama lishe watengewe mita moja na nusu upande wa mtaro, zibaki mita 2 wazi za kupita.

Panapokatiza magari, vivuko vya miguu viinuliwe sentimita 10, juu viwe tambarare kwa mita 4 au zaidi, ili magari yanayoteremka yapunguze mwendo hata dereva asiposoma kibao.

Kabla ya kumwaga zege, kijaribiwe kipande cha mita 200, njia ichorwe kwa rangi na magari yazuiwe kwa mapipa ya mchanga. Jaribio lifanyike Novemba na Desemba, kwa sababu kiangazi hakionyeshi maji yanakwama wapi.

Wadau wa mipango miji,
Mwanga, Kigoma