Risala ya Wanafunzi wa Zamani kwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Wetu wa Darasa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwalimu wetu mpendwa, Mkuu wa Shule, walimu wastaafu na mlio kazini, wanafunzi wa sasa, ndugu mliotusindikiza, na ninyi wanadarasa wenzangu. Wakubwa wetu, shikamooni.

Kwa niaba ya wenzangu tuliomaliza shule hapa zaidi ya miaka 30 iliyopita, tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Kamati ilipokaa kuchagua mgeni rasmi, yalitajwa majina ya wenye vyeo vikubwa. Wote ni watu wa heshima, lakini sisi tulimtaka mtu aliyetufahamu kabla hatujawa chochote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kutafutana kumekuwa kazi kubwa. Tulianza watu wachache kwenye kundi la WhatsApp, na kila aliyepatikana akaombwa namba ya mwingine. Wengine tuliwafikia kupitia wadogo zao, wengine kupitia majirani wa zamani. Na kuna namba tulizopiga zikapokelewa na wajane na yatima. Wenzetu hao walitangulia mbele ya haki bila sisi kujua, na hatukuwepo kuwazika. Tumezialika familia zao, nazo zimekaa pamoja nasi, kwa sababu mtoto wa mwanadarasa mwenzetu ni mtoto wetu.

Leo asubuhi langoni sura zilijulikana upesi, ila majina yaligoma kutoka. Kumbe ndivyo ilivyo kwa binadamu. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Harry Bahrick na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti uliohusisha wahitimu 392 wa sekondari. Hata watu waliokuwa wamemaliza shule miaka kama 34 nyuma waliweza kutambua pichani takribani sura 9 kati ya 10 za wanadarasa wenzao, lakini kutaja majina bila kusaidiwa kuliwashinda wengi. Ndiyo maana unatuona tumebandika majina kifuani kwa herufi kubwa, tena majina yale yale yaliyokuwa kwenye daftari lako la mahudhurio, hata kwa dada zetu ambao siku hizi wanatumia majina ya waume zao.

Sasa, Mwalimu, tuseme lililo moyoni. Wapo wenzetu tuliowapata, tukazungumza nao, na hawakuja. Sababu ya kwanza huwa safari au kazi. Mazungumzo yakirefuka, ukweli hutoka: wanaona haya. Mmoja alituambia atakuja mambo yake yakikaa sawa. Mwingine aliuliza kama kila mtu atasimama kutaja kazi anayofanya. Na yupo aliyekuwa akiongoza darasa, ambaye anaogopa kuulizwa, "Vipi, umefikia wapi?"

Jambo hili linatuuma. Mikusanyiko kama hii hugeuka upesi kuwa mahali pa kupimana magari, nyumba na shule za watoto, na mtu aliyeugua, aliyefilisika au aliyevunjikiwa na ndoa huona hana cha kuleta. Kamati ikaamua kwamba leo kila mtu ajitambulishe kwa jina, bweni alilolala na jina la aliyekaa naye dawati moja, basi. Michango imekusanywa bila kutangaza nani katoa nini. Aliyekosa kabisa amekaribishwa vilevile, na aliyehitaji nauli amepelekewa kimyakimya.

Tuna maombi mawili. La kwanza ni kwako, Mwalimu. Kabla hujaondoka, tunaomba uturekodie ujumbe mfupi wa sauti kwa hao wasiokuja, uwaite kwa majina kama ulivyokuwa ukiita mahudhurio. Sisi wameshatuzoea na visingizio wanavyo, lakini wewe ukimwita mtu ataitika.

Ombi la pili ni kwa Mkuu wa Shule. Tunaomba uturuhusu kuona daftari la uandikishaji la mwaka tulioingia kidato cha kwanza. Orodha tuliyo nayo ni ya waliofanya mtihani wa mwisho tu. Haina wale waliorudishwa nyumbani kwa ada wasirudi tena, wala mabinti waliopata ujauzito wakaondolewa, wala waliougua njiani. Hao nao tulikaa nao darasani na tukala nao meza moja. Kuna waliotufundisha hesabu usiku kabla ya mitihani ambayo wao wenyewe hawakuifikia. Hatuoni sababu ya cheti kuamua nani ni mwenzetu, na mkutano ujao tunataka waketi hapa mbele.

Kwenu wanafunzi wa sasa, neno ni moja: kabla ya kuachana, andikeni namba za simu za nyumbani kwenu, si zenu peke yake. Namba ya kijana hubadilika mara nyingi. Ya mama hudumu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya kusema hayo, tunakukaribisha kwa heshima zote uzungumze na darasa lako.

Naomba kuwasilisha.