Gari dogo linatosha kwa njia za Tabora na Kigoma, tatizo ni mzigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu, kwa heshima zote, msomaji mwenzangu aliyeandika wiki chache zilizopita kwamba mtu asiye na Land Cruiser asithubutu kujiendesha mwenyewe kati ya Tabora, Mpanda, Uvinza na Rungwa, na kwamba wanaonunua magari madogo yanayovuta kwa magurudumu manne wamenunua sura tu. Mimi ni mnunuzi wa asali. Kazi yangu inanipeleka Sikonge, Inyonga na vijiji vilivyo mbali na lami, na gari ninalolitumia ni Suzuki Jimny, gari dogo linalovuta kwa magurudumu manne. Nakubaliana naye kwamba watu wanakwama, tena wengi, lakini sababu aliyoitaja siyo.

Njia zenyewe hazifanani na zile alizozieleza, ambazo nadhani ni za miaka iliyopita. Kutoka Tabora hadi Mpanda kupitia Sikonge, Ipole na Koga ni lami, karibu kilomita 343, na upande wa Kigoma, Daraja la Kikwete limewaondolea wasafiri hofu ya mto Malagarasi. Kilichobaki kigumu ni vipande: Ipole kwenda Rungwa, kilomita 172 ambazo kwa jinsi ninavyozijua ni za udongo na changarawe katikati ya msitu, sehemu kubwa ya njia ya kati ya Mpanda na Uvinza, na njia zote za pembeni zinazoingia kwenye mashamba ya tumbaku na kambi za mizinga. Kwa hiyo msafiri wa huku anahitaji gari litakalokwenda mamia ya kilomita kwenye lami bila kumaliza fedha zake kwa petroli, kisha litakalohimili siku nzima ya mchanga, matuta na tope. Gari la zaidi ya tani mbili linayaweza hayo ya pili kwa raha. Hayo ya kwanza linayalipia kila linapoingia sheli.

Mwenzangu aliitaja Australia, akadai kwamba kule nyikani hakuna anayesafiri bila gari kubwa. Mfano huo unamgeukia. Ipo njia iitwayo Canning Stock Route, huko Australia Magharibi, iliyochimbiwa visima kati ya 1908 na 1910 ili ng'ombe waswagwe kutoka eneo la Kimberley, kaskazini, kuelekea kusini. Ina urefu wa takriban kilomita 1,850 kati ya Halls Creek na Wiluna, haina mji hata mmoja katikati, na imekatizwa na mamia ya vilima vya mchanga. Wapo wanaoivuka kwa Jimny. Kinachostahili kuigwa kwao ni maandalizi: wanajua kabla ya kuondoka kwamba mafuta yanapatikana Kunawarritji, karibu na kisima cha 33, na wanapiga hesabu ya lita hadi hapo, wanalipeleka gari kwenye mzani likiwa na mizigo yote, wanamwachia mtu nyumbani taarifa ya njia watakayopita na siku ya kufika, na wakiharibikiwa hawaliachi gari wakaenda kutafuta msaada kwa miguu, kwa sababu gari linaonekana kutoka angani na mtu haonekani. Sisi huku tuna heri wasiyokuwa nayo wao, kwani hata katikati ya msitu wa Ipole, ukisubiri kwa subira, kijana wa bodaboda atatokea na madumu yake ya asali.

Sasa niseme kuhusu gari lenyewe, maana si kila kinachoitwa gari la magurudumu manne ni kitu kimoja. Jimny imejengwa juu ya chesisi ya ngazi, yaani fremu ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi, ina ekseli nzima, isiyokatwa katikati, mbele na nyuma, na ina seti ya pili ya gia za nguvu zilizoandikwa 4L, zinazopunguza mwendo kwa karibu nusu na kuongeza nguvu ya kuvuta kwa kiasi hicho hicho. Suzuki Escudo nyingi za kuanzia 2005 nazo zina gia za namna hiyo, zinazowashwa kwa swichi ya kuzungusha. Toyota RAV4 haina; ni gari zuri la changarawe, lakini kwenye tope zito au mteremko wenye mawe dereva hana pa kukimbilia zaidi ya gia namba moja na klachi, na klachi ikianza kunuka safari imekwisha. Tena zipo RAV4 na Nissan X-Trail zinazovuta kwa magurudumu mawili tu, na kwa nje huwezi kuzitofautisha na ndugu zake. Usitegemee maneno ya dalali wala maandishi ya kubandika mlangoni. Inama, tazama chini ya gari kama kuna propela shafti inayotoka kwenye gia boksi hadi kwenye difu ya nyuma. Kama haipo, umeuziwa gari la mjini.

Mwenye Jimny naye ana lake la kujifunza. Gari hilo halina difu ya katikati, ile inayoyaacha magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo ukiwasha mvuto wa magurudumu manne halafu ukaendelea kutembea kwenye lami kavu, ekseli za mbele na za nyuma zinavutana kila kwenye kona, usukani unakuwa mzito, na kinachoumia ni gia boksi na difu. Magurudumu manne ni ya ardhi inayoteleza. Ukifika lami, rudisha mawili.

Nije kwenye mzigo, ambao ndio kiini cha barua hii. Jimny ya kizazi cha sasa, iliyotoka 2018, ina uzito wa takriban kilo 1,100 ikiwa tupu, na uzito wa juu kabisa ulioruhusiwa na kiwanda, watu na mizigo ikiwemo, ni kilo 1,435. Zinabaki kilo 335. Dereva na msaidizi wake wanachukua 140. Dumu la lita 20 la petroli ni kilo 15, maji ya kunywa lita 20 ni kilo 20, na jeki, koleo, kamba ya kuvutia, pampu na spana tuziwekee nyingine 20. Tumebakiwa na kilo 140. Ndoo ya lita 20 ya asali haina uzito wa ndoo ya maji. Asali ni nzito kuliko maji, na lita 20 zake ni kilo 28 bila kuihesabu ndoo. Maana yake ni ndoo tano, basi. Lakini ukikunja viti vya nyuma, ndoo kumi zinaingia bila kubanana, na hapo ndipo macho yanapomponza mtu, kwa kuwa anapakia kwa nafasi badala ya kupakia kwa uzito. Wanaosafiri na familia wanafanya vivyo hivyo kwa magunia ya mchele na mikungu ya ndizi, na kisichoingia ndani kinapandishwa juu ya keria. Paa la Jimny limewekewa kikomo cha kilo 30, keria yenyewe ikiwemo. Hiyo haifikii hata ndoo moja ya asali na chuma cha kuibebea.

Gari lililozidishiwa mzigo halikatai kuondoka. Linaondoka vizuri tu, likafika kwenye matuta madogo madogo ya barabara, yaliyopangana kama bati la paa, na huko ndiko springi zinakokandamizwa hadi mwisho, shokapu zinachemka na kuvuja mafuta, na ekseli ya mbele inaanza kutikisa usukani hadi dereva anadhani gurudumu limelegea. Kisha watu husema gari ni bovu. Nimeyaona Land Cruiser mkonga yakivunjika majani ya springi kwenye njia hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo, na sijasikia mtu akisema Land Cruiser ni sura tu.

Jambo la pili ni upepo wa tairi, ambalo madereva wetu wengi hawapendi kulisikia. Mchanga wa Tabora ni mwingi na laini, hasa kiangazi, na dereva anaingia na upepo ule ule wa lami, anazama, anakanyaga mafuta, anazama zaidi. Jimny inatembea na upepo wa paundi 26 hivi kwenye lami. Ukiishusha hadi 18 kwenye mchanga mzito, tairi linalala, linakanyaga eneo pana zaidi, na gari linapita palipokuwa pamewashinda watu kusukuma. Sharti ni mbili: uende taratibu bila kukata kona kwa ghafla, na uwe na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ili ujaze tena kabla hujarudi kwenye lami, maana tairi laini likikimbizwa linapata joto na kupasuka.

Sitaki nionekane nalisifu gari langu kupita kiasi. Udogo una gharama zake, na kubwa kuliko zote inaonekana masika, kati ya Novemba na Aprili, pale Fuso zinapopita kwenye udongo mweusi wa mbuga na kuacha mitaro miwili mirefu. Upana wa Jimny ni mdogo kuliko nafasi iliyo kati ya mitaro hiyo. Gurudumu la kushoto likiingia, la kulia linapanda tuta la katikati, gari linalala upande, na difu inakwaruza. Mwenye gari pana anatembea humo kwa starehe. Sisi tunalazimika kushuka, kuchagua mstari wetu pembeni na kuupima kwa fimbo kabla ya kuufuata. Maji nayo yakizidi sentimita 30, yaani karibu na katikati ya gurudumu, hayo si ya kujaribu. Lakini likikwama, gari la kilo 1,100 linasukumwa na wanaume wanne, wakati lile kubwa linasubiri trekta.

Kuhusu mbung'o, ambao mwenzangu aliwaandikia aya nzima, sina la kuongeza ila kwamba wanalifuata gari lolote linalotembea, kubwa kwa dogo. Funga vioo.

Ningependa pia kuona mabadiliko kutoka kwa wengine. Wauzaji wa magari yaliyotumika wangeandika kwenye matangazo yao, kando ya mwaka na rangi, kama gari linavuta kwa magurudumu mawili au manne na kama lina gia za 4L, maana mnunuzi wa Kasulu au Urambo hununua kwa picha ya simu na hana pa kuinamia kutazama propela. Gazeti lako nalo, Mhariri, lingetusaidia kama kurasa za magari zingetaja uzito unaoruhusiwa kubebwa, badala ya kuishia kwenye ukubwa wa injini. Na wahusika wa barabara wangesimamisha vibao kwenye njia panda ya Ipole na pale Uvinza, vinavyoonyesha kilomita hadi sheli inayofuata na, wakati wa masika, kama njia inapitika. Tangi la Jimny ni lita 40, na kwenye njia ya udongo mwendo wa gia ndogo unazila haraka kuliko lami. Kibao hicho ndicho kitakachomwambia dereva kama ajaze dumu kabla hajaendelea.

Wako,
Mnunuzi wa asali,
Cheyo, Tabora.