Tusiwaonee watoto, hiyo "ed" haisikiki kirahisi

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niwatetee wanafunzi wa fomu wani hapa Dodoma wanaokatwa maksi za imla ya Kiingereza na juu yake wanaambiwa hawasikilizi. Nafundisha tuisheni huku Nkuhungu, madaftari yao nayaona. Mwalimu kasoma "they walked to the market", mtoto kaandika "walk" bila ile "ed" ya wakati uliopita, kalamu nyekundu hiyooo. Jamani hebu itamkeni hiyo sentensi kwa spidi ya kawaida kama wanavyoongea wenyewe, ile t ya mwisho wa "walked" inakutana na t ya "to", zinamezana inabaki kama moja, sasa mtoto asikie nini hapo? Hata Mwingereza mara nyingi anajua ni jambo lililopita kwa sababu ya maneno yaliyotangulia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi walimu tunawafundisha kusubiri kitu ambacho hakiji. Darasani "walked" na "cooked" tunazitamka "wokidi", "kukidi", maana kwa Kiswahili silabi inapenda kuishia na irabu, ndo maana hata benki na shati tuliziongezea i mwishoni. Mtoto anakariri wokidi, akifungua redio anaisubiri wokidi yake haipo. Ukweli ni kwamba kwenye kitenzi hiyo e ya "ed" inatamkwa tu pale kinapoishia na sauti ya t au d, kama "wanted" na "needed". Kwingine inabaki t kavu, "worked", au d, "called", haina irabu, haina mkazo, mdomo unafunga na kuhamia neno linalofuata.

Halafu sisi kwenye Kiswahili wakati wa kitenzi tunauweka mbele. Mtu akisema "alitembea" ile "li" umeshaipata kabla kitenzi chenyewe hakijaja, kwa hiyo tumezoea kutega sikio mwanzoni mwa neno. Kiingereza kimeuweka mkiani kule ambako sauti imeshafifia.

T ya mwisho inamezwa hata kwenye "can't", na hiyo ndo mbaya zaidi kwa sababu hapo maana inageuka kabisa, kijana yuko kwenye intavyuu anaambiwa "you can't start Monday" yeye kasikia anaweza, anaondoka anashukuru. Hapo usiisubiri t, sikiliza irabu. "Can" ya kawaida inapita haraka karibu inakuwa "kn" tu, ila ya "can't" inatamkwa nzito na kamili.

Walimu wenzangu, tuanze na sentensi ambazo neno linalofuata linaanza na irabu, "worked in", "walked out", hapo t inadandia neno la mbele inasikika wazi kabisa, "wektin", "woktaut". Wakishaizoea ndo tuwapeleke kwenye "walked to". Na kabla hujamkata mtoto maksi, iongezee ile sentensi "yesterday" mwanzoni umsomee tena, uone kama ataandika "walk".

Mwalimu wa tuisheni,
Nkuhungu, Dodoma