Aït Benhaddou si safari ya kwenda na kurudi siku moja

Mhariri,

Tangu AFCON ichezwe Morocco, matangazo ya safari za huko hayaishi kwenye simu zetu, na linalojirudia zaidi ni la Marrakech hadi Aït Benhaddou, kijiji cha kale cha nyumba za udongo ng'ambo ya milima ya Atlas, kwenda na kurudi siku moja. Naomba nafasi niwatahadharishe wasomaji kabla hawajalipa.

Hesabu yenyewe ni hii. Kutoka Marrakech ni kilometa 185 hivi, na gari hutumia kama saa nne, kwa sababu barabara hupanda kona kwa kona hadi Tizi n'Tichka, kilele cha kuvukia milima hiyo, mita 2,260. Urefu huo ni kama wa Limuru tu, kwa hiyo kitakachokusumbua ni kona, si hewa. Mwenye kichefuchefu akae kiti cha mbele na tangawizi mfukoni. Basi la siku moja hukufikisha jua la utosi, pamoja na mabasi mengine yote, kisha baada ya muda mfupi unarudishwa kwenye kona zilezile, nyingine gizani.

Panga siku mbili, upitie Telouet, kijiji chenye ngome ya kale. Ukivuka kilele kuelekea kusini, kilometa chache mbele kuna njia ya kushoto, kilometa 20 hivi hadi kijijini. Huko ndiko ilikopita misafara ya zamani. Wafaransa walipojenga barabara ya Tichka waliikwepa Telouet, na Thami El Glaoui, bwana wa ngome ile, alipofariki mwaka 1956 mali zake zikatwaliwa na serikali. Kwa nje ni gofu; ndani, kumbi za wageni bado zina vigae vya rangi na dari za mbao zenye nakshi. Kutoka hapo barabara hufuata bonde la Ounila kupitia Anemiter hadi Aït Benhaddou. Ni ya lami lakini nyembamba, na mvua ikinyesha mawe huporomoka. Usiipite usiku.

Usafiri wa umma haupiti njia hiyo kwa uhakika. Teksi kubwa za pamoja huondoka zikijaa. Zile Mercedes za zamani hubeba sita, wawili mbele na wanne nyuma, na asiyetaka kubanwa au kusubiri hulipia nafasi zilizobaki. Kwa Telouet ni afadhali kukodi gari zima na kupatana bei kabla ya mlango kufungwa, mkitaja kila mahali mtakaposimama. Toeni fedha taslimu Marrakech, noti ndogondogo.

Kijijini Aït Benhaddou, kuingia hakulipiwi. Anayekudai pesa mlangoni anakukaribisha kwenye nyumba moja, nawe una hiari. Familia zilizobaki ndani ni chache, wengi wamehamia ng'ambo ya mto. Msipande kuta wala mapaa kutafuta picha. Ukuta ule ni udongo mbichi uliotwangwa ndani ya fremu za mbao, safu juu ya safu, juu ya msingi wa mawe. Sehemu za juu ni matofali yasiyochomwa. Paa ni miti, matete na udongo. Watu wa Dodoma waliokulia kwenye tembe wanaijua kazi yake: lazima likandikwe upya kila mara. Mwenye nyumba akihama, maji hupenya paani, hushuka kwenye kichwa cha ukuta, na ukuta hupasuka kuanzia juu. Anayeziba ufa kwa saruji huharibu zaidi, maana saruji hufungia unyevu ndani na udongo ulio nyuma yake humomonyoka bila kuonekana.

Wenyeji wa huko hujiita Imazighen, na jina la Waberberi wamepewa na wengine. Hodi yao ni "azul", shukrani ni "tanmirt", ingawa salamu aleikum hupokelewa kila mahali. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, asili yake ni Lawata, kabila la watu haohao.

Wanaofikiria njia ya Tizi n'Test, kilele kingine cha kuvukia Atlas, wakumbuke kwamba tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023 liliupiga sana upande huo, hata msikiti wa kale wa Tinmel ukabomoka kwa sehemu kubwa. Na anayesafiri kati ya Desemba na Machi aulize hali ya Tichka jioni ya kuamkia safari: theluji ikizidi, barabara hufungwa kwa vizuizi, na dereva hana la kufanya ila kugeuza gari.

Msomaji wenu,
Dodoma