Craiova mbili, kombe moja

Sudi ndugu yangu,

Salaam nyingi. Swali lako la kwa nini Craiova ni mbili nimelipata, na umeona sawasawa: kwenye ligi kuu ya Romania ya msimu wa 2021-22 zilikuwepo Craiova mbili, zote za bluu na nyeupe, zote zikijiandikia mwaka 1948, na zote zikijihesabia ubingwa uleule wa zamani. Kama unataka kuitia timu hiyo kwenye chemshabongo ya kijiweni, subiri kwanza usome barua hii mpaka mwisho, maana ukiuliza vibaya watakusumbua wale wanaojua.

Craiova ni mji mkubwa wa eneo la Oltenia, kusini-magharibi mwa Romania, kama kilomita 230 kutoka Bucharest. Enzi za ukomunisti wakubwa wa soka walikuwa wawili, wote wa Bucharest: Steaua ya jeshi na Dinamo ya wizara ya mambo ya ndani. Timu hizo zikimtaka kijana wa mkoani hazikuhangaika na dau. Utumishi wa jeshi ulikuwa wa lazima, kwa hiyo kijana aliitwa kutumikia na akatumikia ndani ya jezi yao. Universitatea Craiova haikuwa na bunduki wala polisi. Ilianzishwa 1948 kama timu ya chuo, wachezaji wake wakaitwa wanafunzi, na ilipopanda ligi kuu 1964 ilikaa huko bila kushuka mpaka 2005.

Ukiifuatilia timu hii utagundua kitu kimoja: karibu kila jambo kubwa lililoipata limeamuliwa na kipengele cha kanuni. Miguu ilifanya kazi yake, kisha kanuni ikaja kuhesabu.

Chukua msimu wa 1972-73. Craiova na Dinamo walimaliza na pointi sawa, mabao yakapimwa, Dinamo akachukua ubingwa. Craiova walikuwa na Ion Oblemenco, mshambuliaji aliyekuwa mfungaji bora wa ligi mara 4 na kufunga mabao 170 ya ligi kuu, na bado haikutosha. Msimu uliofuata wakalichukua taji lao la kwanza, na timu ikapachikwa jina la bingwa wa penzi kubwa. Oblemenco mwenyewe alifariki 1996 nchini Morocco alikokuwa akifundisha, na uwanja wa Craiova unaitwa kwa jina lake.

Kizazi kilichofuata ndicho wanachokiita Craiova Maxima. Golini Silviu Lung, nyuma Costică Ștefănescu, Nicolae Tilihoi, Nicolae Ungureanu na Nicolae Negrilă, kati Ilie Balaci na Aurel Țicleanu, mbele Rodion Cămătaru, Zoltan Crișan na Ion Geolgău. Wakatwaa ubingwa 1980 na 1981 mfululizo, na hiyo 1981 wakabeba na Kombe la Romania kwa kuifunga Politehnica Timișoara 6-0 fainali. Ulaya walishaanza kujulikana 1979, walipoitoa Leeds United kwenye Kombe la UEFA kwa 2-0 nyumbani na 2-0 ugenini.

Lakini msimu wa kuuliza maswali ni 1982-83, kwenye Kombe hilohilo la UEFA. Hapa nitatulia kidogo, kwa sababu hesabu yake ni nzuri. Craiova waliitoa Fiorentina (3-1 nyumbani, 0-1 ugenini), wakaitoa Shamrock Rovers, kisha Bordeaux: wakafungwa 1-0 Ufaransa, wakashinda 2-0 nyumbani baada ya muda wa nyongeza. Robo fainali wakakutana na Kaiserslautern ya Ujerumani Magharibi. Mkondo wa kwanza walilala 3-2 ugenini. Wengi huona hicho ni kipigo, ila kwa kanuni ya bao la ugenini (jumla zikilingana, mwenye mabao mengi ya ugenini ndiye anayepita) hicho kilikuwa mtaji, maana nyumbani walihitaji 1-0 tu. Wakaipata, mfungaji akiwa Negrilă, na yeye ni beki. Jumla 3-3, mabao ya ugenini 2 kwa 0, Craiova nusu fainali. Hakuna timu ya Romania iliyokuwa imefika nusu fainali ya kombe hilo kabla yao.

Nusu fainali ni Benfica. Lisbon ikaisha 0-0, na watu wa Craiova wakashangilia. Sare tasa ya ugenini ina mtego, Sudi. Inamaanisha huna bao la ugenini mfukoni, na mgeni akija kwako anahitaji moja tu ili kukupindua. Craiova wakatangulia kupitia Balaci mapema kipindi cha kwanza. Ubao ukisoma 1-0 unapita, lakini Benfica wakisawazisha, 1-1 si sare tena kwako, ni kufungwa, na inabidi utafute la pili huku wao wamejaza watu nyuma. Kipindi cha pili wakasawazisha. Mechi ikaisha 1-1. Jumla 1-1, Benfica wakaenda fainali kwa bao hilo moja na wakafungwa na Anderlecht. Craiova hawakupoteza hata mechi moja kati ya zile mbili. Kanuni iliyowabeba robo fainali ikawatoa nusu fainali, na UEFA wenyewe wakaja kuifuta 2021. Mimi naona ilipaswa kufutwa mapema zaidi, lakini ukisema hivyo mbele ya mtu wa Kaiserslautern sijui atakujibu nini.

Taji la 4 lilikuja 1991, kocha akiwa Sorin Cârțu, mchezaji wao wa zamani, pamoja na Kombe la Romania. Kwenye Kombe la Mabingwa wakaifunga Apollon Limassol ya Cyprus 2-0 nyumbani, wakaenda huko wakala 3-0. Aibu hiyo ilisahaulika. Kilichowagharimu zaidi ni kilichofanyika mezani kiangazi hichohicho.

Hapa sasa ndipo pana mzizi wa swali lako. Chini ya dola ya zamani, soka lilikuwa idara tu ndani ya klabu kubwa ya michezo, Clubul Sportiv Universitatea (kwa kifupi CS), iliyokuwa na michezo mingine pia. Baada ya mapinduzi ya 1989 timu za Romania zikaanza kujitoa kwenye taasisi za serikali. Agosti 1991 soka la Craiova likahamia kwenye chombo kipya, FC Universitatea (hapa chini nitaiita FC). Wachezaji walewale, uwanja uleule, mashabiki walewale. Klabu mama ya michezo haikufa, iliendelea na michezo yake mingine. Timu ya mpira ina sehemu kama tano zinazoweza kutengana: jina na nembo, uanachama wa shirikisho, mikataba ya wachezaji, uwanja, na rekodi za mataji. Zikiwa mkono mmoja huwezi kuziona. Ile 1991 sehemu zilihama pamoja bila mtu kuuliza ipi imehama kwa hati gani, na nyumba ya urithi isiyoandikwa vizuri huwa tulivu mpaka siku ndugu wanapokosana.

FC ikatwaa Kombe la Romania la 1993, ikafifia, ikashuka 2005, ikarudi 2006. Mmiliki akawa mfanyabiashara Adrian Mititelu. Msimu wa 2010-11 ulikuwa mbovu uwanjani na ukazaa mgogoro wa mkataba na kocha Victor Pițurcă. Migogoro ya namna hiyo ina njia yake: kamati za shirikisho kwanza, rufaa ndani ya mfumo wa soka, kisha mahakama ya michezo ya Lausanne. Katiba za FIFA na UEFA zinayataka mashirikisho yazuie wanachama wao kwenda mahakama za kawaida kwa mambo ya mpira. Craiova ikaenda mahakama ya kiraia, ikaambiwa ifute kesi, ikagoma. Tarehe 20 Julai 2011 kamati ya utendaji ya shirikisho la Romania ikaifungia nje ya mashindano.

Watu wengi hudhani adhabu hiyo ni kukosa mechi. Kilichoua ni mikataba. Klabu ikiondolewa, wachezaji wake wanatangazwa huru. Mali kubwa ya timu ya mkoani ni usajili wa wachezaji: leo unamuuza winga mmoja, unalipa mishahara ya miezi. Craiova ikapoteza kikosi bila kuuza hata mmoja, na kwa timu yenye madeni hilo ni pigo la mwisho. Mkutano mkuu wa shirikisho ukaja kuibariki hatua hiyo, mahakama ikaja kuisimamisha, na timu ikarudishwa daraja la pili. Ikarudi mifuko mitupu. Kushinda kesi hakurudishi beki aliyekwisha saini kwingine.

Mji nao haukukaa kusubiri. Mwaka 2013 klabu mama ya michezo, kwa msaada wa manispaa, ikafufua idara yake ya soka na kuingia daraja la pili. Kwa hiyo 2013-14 daraja hilo lilikuwa na Craiova mbili. CS ikapanda ligi kuu 2014, FC ikazama kwenye madeni na kutoweka. Uwanja wa zamani ukabomolewa, mpya wa watu takriban 31,000 ukafunguliwa Novemba 2017 kwa mechi ya kirafiki na Slavia Prague. CS ikatwaa Kombe la 2018 na la 2021. Mwaka 2017 FC ikaanza upya daraja la nne kwa jina la FC U Craiova 1948, ikapanda mpaka ligi kuu 2021, ikashuka tena 2024. Hiyo miaka mitatu ndiyo uliyoiona: watani wawili wa mji mmoja, kila upande ukiwaambia wenzao kwamba ni feki.

Kwa kazi yako ya chemshabongo, soma rekodi hivi. Matokeo ya mpaka kiangazi cha 1991 ni ya klabu ya michezo, na hapo kila upande unasema ni yake. Kuanzia msimu wa 1991-92 mpaka 2012-13 ni FC. Msimu wa 2013-14 usimwamini mtu, angalia herufi zinazotangulia jina. Kuanzia 2014 mpaka 2021 Craiova ya ligi kuu ni CS peke yake. Baada ya hapo ukiona namba 1948 ndani ya jina lenyewe, hiyo ni FC. Na ukikuta orodha ya mataji, hesabu vikombe vya Romania: vikiwa 8, mwandishi ameihesabia CS yote pamoja na ya 2018 na 2021. Vikiwa 6 vinavyokomea 1993, aliyeandika ni wa upande wa FC. Ubingwa wa ligi wa mpaka 1991 ni 4 kwa kila orodha, yaani 1974, 1980, 1981 na 1991.

Swali lako la "nani bingwa wa Kombe la 1993" ndilo baya kuliko yote, lifute. Kombe hilo lilichukuliwa na timu iliyokuwa kwenye hati za FC, na leo linahesabiwa kwenye kabati la CS. Yeyote atakayejibu atakuwa na hoja, na wewe ndiye utakayelipa soda. Badala yake waulize bao la robo fainali ya Machi 1983 dhidi ya Kaiserslautern alifunga nani. Wote watataja Balaci au Cămătaru.

Nisalimie nyumbani, na yule mzee wa Pamba anayebisha kila kitu.

Wako,
Mbaraka