Mkulima aliyetamauka hajakata tamaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie neno moja ambalo magazeti yetu, na sisi wasomaji tunaowaandikia ninyi, tumeliacha likae kamusini ilhali tunalihitaji karibu kila wiki. Neno lenyewe ni kutamauka, nami nalielewa kuwa kupoteza imani katika jambo ulilolitumainia, huku ukiendelea na kazi yako. Mahali pake tumeweka kukata tamaa, na kwa kufanya hivyo tunawasingizia watu jambo ambalo hawajalifanya.

Nieleze kilichonisukuma kuandika. Dada yangu analima viazi mviringo kwenye miteremko ya Uporoto, karibu na barabara iendayo Tukuyu. Msimu uliopita yeye na wenzake waliitwa kwenye mkutano wa kijiji, wakaahidiwa kwamba lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, imekwisha, kwamba kila gunia litapimwa kwenye mizani na halitazidi kilo 100 kama sheria inavyotaka. Aliamini, na imani yake ilikuwa ya vitendo, maana aliongeza eneo la kulima na kuchukua mbolea kwa mkopo. Mavuno yalipofika nilikuwapo shambani. Mnunuzi alikuja na magunia yaliyoshonewa juu kipande cha gunia jingine, yaani gunia na kilemba chake, na vijana wake wakawa wanapanga viazi kimoja kimoja kwa mkono, wakivishindilia pembeni na kupandisha juu, mpaka mdomo ukafungwa kwa kamba iliyosukwa kama wavu. Mizani haikuonekana. Dada alipokea fedha zake, akazihesabu mara mbili, kisha akaniambia, "Kaka, kumbe yalikuwa maneno tu." Siku chache baadaye nilisoma katika gazeti moja, ambalo si hili lako, kwamba wakulima wa viazi wa ukanda huu "wamekata tamaa". Siku hiyohiyo niliyoisoma habari ile, yeye alikuwa amekaa chini kibarazani anachagua mbegu.

Mtu aliyekata tamaa huacha. Huacha shamba likaota magugu, huacha dawa za hospitali, huacha kupeleka maombi ya kazi. Dada yangu hakuacha kitu chochote isipokuwa imani aliyokuwa ameiweka katika ahadi ile. Msomaji wa Dodoma au Dar es Salaam anayeambiwa kwamba wakulima wa Rungwe wamekata tamaa atadhani tumetupa majembe, na akiwa ni mtu mwenye madaraka atakuja kututia moyo kwa hotuba, wakati moyo tunao na kinachokosekana ni mizani.

Tazama na umbo la maneno yenyewe. Kukata ni kitendo cha mwenye panga: anayekata tamaa anaikata mwenyewe, na ndiyo maana tunamwambia mtu "usikate tamaa", kwa kuwa tunaona uamuzi uko mikononi mwake. Kutamauka kumejengwa juu ya tamaa ileile, lakini mimi kila nikilisikia nasikia ndani yake mwisho ule wa kubomoka, kung'oka, kubanduka na kufumuka, ambapo kitu kilichokuwa kimeshikana kinaachana na aliyepatwa hakutia mkono. Shati likifumuka hakuna anayelilaumu shati. Watu huuliza lilishonwaje. Hivyo ndivyo ningependa msomaji aulize anapokutana na mkulima, mwalimu au kijana wa bodaboda aliyetamauka: aliahidiwa nini, na nani, na ahadi hiyo ilishonwa kwa uzi gani?

Najua kwamba kamusi huyaweka maneno haya mawili jirani na kufasili moja kwa jingine. Sibishani na kamusi. Hata hivyo maneno mawili yakikaa lugha moja kwa muda mrefu, waandishi ndio huyagawia kazi, na sisi tunayo kazi moja iliyokosa mtu.

Nimejaribu maneno mengine na hayatoshi. Kuvunjika moyo ni huzuni, na mtu huvunjika moyo hata timu yake ikifungwa bao la dakika za mwisho. Kukatishwa tamaa kunaweza kumpata mtu kabla hajaanza: mtoto anayeambiwa hesabu hataiweza amekatishwa tamaa, ingawa hajawahi kuamini lolote juu ya hesabu. Kuzinduka kunakaribia zaidi, kwa sababu kuna macho yanayofunguka, lakini kunabeba nuru na furaha ya kuamka ambayo mwenye kupokea fedha pungufu hana. Isitoshe, kila wiki tunasoma kwamba mradi fulani umezinduliwa, na mzizi huo umeshachoka kwa utepe na makofi. Tukisema mambo yametumbukia nyongo, au kitumbua kimeingia mchanga, tunaeleza kilichoharibika, nasi hatujasema neno juu ya mtu aliyekuwa anakitazama kwa matumaini. Kutamauka kunamhitaji mtu huyo. Hakuna anayetamauka pasipo kwanza kutumaini.

Nitaambiwa kwamba neno hili ni gumu, kwamba ni la wahakiki wa fasihi, ambao kweli wanalo jina lake, utamaushi, na wanalitumia wanapochambua riwaya. Jina hilo tuwaachie. Kitenzi ndicho ninachokiombea, na ugumu wa kitenzi huisha kwa kukitumia. Mwalimu Nyerere alipoondoka kwenye urais mwaka 1985, taifa zima lilijifunza kusema kung'atuka, neno lililotoka Kizanaki, ambalo wengi hawakuwa wamewahi kulitamka. Tulilipokea kwa sababu lilisema jambo ambalo kujiuzulu hakukulisema sawasawa. Leo hakuna mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayehitaji kufasiriwa neno hilo.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 28, nami nakiri kwamba nimechangia kosa hili kwa kalamu nyekundu. Mwaka mmoja, nikiwa nafundisha Mbozi, kijana wa kidato cha tatu aliandika katika insha yake kwamba baba yake haamini tena bei anazotangaziwa, lakini kahawa bado anaipalilia. Pembeni nilimwandikia: "Sema kwa ufupi, amekata tamaa." Kijana alikuwa ameona kwa usahihi, na mimi nilimfuta. Alichohitaji kutoka kwangu ni neno lenye kubeba yote mawili, kutoamini na kuendelea kupalilia, nami nilikuwa nalo wala sikumpa. Jambo hilo linanisumbua mpaka leo.

Kwa hiyo ninaomba dawati lako la habari lijaribu. Pale ambapo watu wameacha kweli, andikeni wamekata tamaa, kwa maana nao wapo na wanastahili kuandikwa hivyo. Pale ambapo walitumaini, wakaona, na bado wanaendelea, andikeni wametamauka, au, kama mwenye kuvunja ahadi anajulikana, wametamaushwa na fulani. Mwandishi atakayechagua neno hilo atalazimika kuongeza sentensi ya pili inayosema ahadi ilikuwa ipi, na sentensi hiyo ndiyo ninayoikosa katika habari nyingi zinazotoka huku kwetu. Viazi vya dada vimeshachipua, na wanunuzi wataanza kupanda huku juu baada ya miezi miwili hivi. Akija mwandishi wako nitampeleka shambani mwenyewe, amuulize dada ni neno lipi linamhusu.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya